Gari Linapokimbia Lenyewe: Nani Atalipa Hasara?

Katika msimu wa maembe, mzee mmoja mkulima wa skimu alifika ofisini kwetu hapa Bamburi. Hakuja kutafuta mbegu wala dawa ya kunyunyizia miti. Aliketi kwenye benchi, akavua kofia, akatoa karatasi mfukoni na kusema, "Karani, mwanangu, nisomee barua hii. Nadaiwa fedha kwa kosa ambalo si langu. Ni kosa la gari."

Barua ilitoka kwa wakili. Ilisema kwamba pikapu ya mzee, siku fulani asubuhi, iliacha barabara ya Malindi, ikavunja mkokoteni wa kijana mmoja na kubomoa kibanda cha mama muuza mboga. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mkokoteni ndio uliokuwa kazi ya yule kijana, na kibanda ndicho kilicholisha watoto wa yule mama. Wote wawili walitaka kulipwa.

Mzee alinieleza mambo yalivyokuwa. Alikuwa akipeleka maembe na mihogo soko la Kongowea. Alipokanyaga mafuta ili apite lori, gari likashika mwendo. Alipoondoa mguu, mwendo haukupungua. Injini ilinguruma kama inayopanda mlima, ilhali barabara ni tambarare. Mbele palikuwa na matatu imesimama kushusha watu, naye akaona ni heri apinde usukani aingie pembeni kuliko kuwagonga abiria. Baadaye fundi alipofungua boneti aliona kwamba kebo ya mafuta imechanika nyuzi ndani ya mfereji wake, nazo zimekwama.

Nilimwuliza, "Mzee, kebo ile iko wapi?"

Akajibu, "Fundi aliitupa. Aliweka mpya siku ile ile, kwa maana maembe yalikuwa yanaharibika."

"Na hati ya kununulia gari?"

"Tulipeana mikono na yule mwuzaji. Alinihesabia fedha mbele yangu, basi."

"Polisi walilikagua gari kabla halijatengenezwa?"

"Hawakulikagua. Tulisema tutaelewana sisi wenyewe."

Nilinyamaza, kwani nilikuwa na hakika kwamba mzee anasema kweli, na nilijua vile vile kwamba hana cha kuonyesha. Ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mkulima mwenye gari au anayetaka kununua gari, kwamba naandika habari hizi. Mimi si wakili. Lakini sheria imeandikwa ili isomwe, na mambo yaliyotokea kwa wengine ni mafunzo kwetu.

GARI HUKIMBIAJE LENYEWE?

Gari halina akili ya kukimbia kwa hiari yake. Likikimbia bila kutakiwa, iko sababu, na kwa kawaida ni moja kati ya hizi.

Sababu ya kwanza ni kitu kinachozuia pedali ya mafuta isirudi juu. Kinaweza kuwa kapeti iliyosogea, chupa ya maji iliyobingirika, au dafu lililotoka chini ya kiti. Sababu ya pili ni uchakavu: kebo iliyochanika nyuzi, springi iliyolegea, au pedali yenyewe kuwa nzito kurudi. Sababu ya tatu huletwa na magari ya siku hizi ambayo hayana kebo. Pedali hupeleka habari kwa umeme, na mtambo mdogo wa kompyuta ndio unaofungua njia ya hewa ya injini. Sababu ya nne ni mguu wa dereva. Mtu hudhani amekanyaga breki, kumbe amekanyaga mafuta, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyozidi kukanyaga.

Tusiione haya sababu hii ya nne. Huko Marekani, mnamo mwezi wa Novemba 1986, kipindi kimoja cha televisheni kilitangaza kwamba magari ya Audi 5000 yanakimbia yenyewe. Watu wengi walikwenda mahakamani. Kampuni ile iliyouza magari zaidi ya 74,000 katika nchi hiyo mwaka 1985 iliuza kama 12,000 tu mwaka 1991. Hata hivyo wakaguzi wa Serikali ya Marekani, katika taarifa yao ya mwaka 1989, walieleza kwamba sehemu kubwa ya ajali za namna hiyo zilitokana na madereva kukosea pedali. Basi anayedai kwamba gari lilikosa ni lazima aonyeshe ni chombo gani kilichokosa. Maneno peke yake hayatoshi.

MAGARI YA TOYOTA NA MAHAKAMA ZA MAREKANI

Shauri kubwa kuliko yote ya namna hii ni lile la magari ya Toyota. Yafaa tulisikie, maana hapa kwetu magari ya kampuni hiyo ni mengi sana barabarani.

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na mji wa San Diego, askari mmoja wa barabarani aliyekuwa mapumzikoni alikuwa akiendesha Lexus, gari linalotengenezwa na Toyota. Alikuwa ameazimwa gari hilo na gereji lilipokuwa gari lake. Lilishika mwendo likakataa kusimama, na watu wanne wa jamaa moja walikufa. Wachunguzi waliona kwamba kapeti iliyowekwa chini ya miguu ilikuwa ya gari la aina nyingine, ikaishika pedali ya mafuta. Tena, siku chache kabla yake, mtu mwingine aliyeazimwa gari lile lile alikuwa ameiambia gereji kwamba pedali ilinaswa na kapeti. Habari ilitolewa, lakini haikutendewa kazi. Toyota ililipa jamaa za marehemu dola 10,000,000 bila shauri kufika mwisho.

Kampuni ikayarudisha mamilioni ya magari ili yatengenezwe, kwanza kwa ajili ya kapeti, kisha mwezi wa Januari 2010 kwa ajili ya pedali zilizokuwa nzito kurudi. Mkuu wa kampuni, Bwana Akio Toyoda, alitoka Japani akahojiwa na Bunge la Marekani mwezi wa Februari 2010. Wataalamu wa NASA, wale wanaorusha vyombo angani, waliombwa kukagua mitambo ya umeme ya magari hayo, na taarifa iliyotolewa Februari 2011 ilisema hawakuona kasoro ya umeme iliyoleta mwendo huo.

Hata hivyo mabishano hayakuisha. Huko Oklahoma, mama mmoja alikuwa ameanguka na Camry yake mwezi wa Septemba 2007, na rafiki aliyekuwa naye akafa. Barabarani zilibaki alama za matairi, dalili ya kwamba alijitahidi kusimama. Mtaalamu alikaa miezi mingi akisoma maagizo ya kompyuta ya gari, akaieleza mahakama makosa aliyoyaona. Mwezi wa Oktoba 2013 jopo la raia waliosikiliza shauri walikata kwamba kampuni ilipe dola milioni 3. Wenye magari walioshtaki kwa sababu tu magari yao yalipungua thamani nao walipata mapatano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 1.6, na mahakama iliyakubali mwaka 2013. Kisha, Machi 2014, kampuni ilikubali kuilipa Serikali ya Marekani dola bilioni 1.2, ikikiri kwamba iliwapotosha wanunuzi kuhusu usalama wa magari yake.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya maskini mmoja, mkimbizi aliyehamia Marekani kutoka Asia. Mwaka 2006, katika mji wa St. Paul, Camry yake ya mwaka 1996 iligonga gari jingine kwa nguvu na watu wakafa. Alisema tangu siku ya kwanza, "Nilikanyaga breki." Hakusadikiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka minane. Baada ya habari za Toyota kuenea, shauri lake lilifunguliwa tena. Gari lake lilikuwa bado limehifadhiwa, wataalamu wakaweza kulikagua, na mwezi wa Agosti 2010 akafunguliwa. Mwaka 2015 jopo la raia lilisema kwamba sehemu kubwa ya kosa, yaani sitini kwa mia, ilikuwa ya kampuni.

Fikirini, ndugu zangu. Kama gari lile lingaliuzwa kuwa chuma chakavu, wataalamu wangalikagua nini?

SHERIA YETU YASEMAJE?

Mkulima ataniuliza, "Hayo ni ya Marekani. Sisi wa Utange na Mtwapa tuna nini?" Tuna sheria, nazo si chache.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yasema kwamba mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, ana haki ya kupewa habari za kumwezesha kuzitumia vema, ana haki ya kulindwa afya na usalama wake, na ana haki ya kulipwa fidia kwa hasara au maumivu yatokanayo na kasoro za bidhaa. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012.

Kisha iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Hii humkabili mwuzaji. Ukinunua gari kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza magari, ukamweleza kazi unayoitakia na kuutegemea ujuzi wake, sheria huhesabu kwamba ameahidi gari litaifaa kazi hiyo, hata kama hakutamka. Lakini shikeni neno hili: ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamika kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo usilitazame gari juu juu tu kwa ajili ya kutimiza desturi. Ama nenda na fundi hodari, ama usijifanye umekagua. Tena ulinzi huu ni mdogo sana ukinunua kwa jirani ambaye si mfanya biashara wa magari.

Na ikiwa aliyeumia siye aliyenunua gari? Jibu lilitoka kwenye chupa ya kinywaji. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Skotilandi, mama mmoja alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Alisema kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakuwa na mapatano yoyote na mwenye kiwanda, wala hakulipa hata senti. Lakini mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza ilisema kwamba mwenye kutengeneza kitu ana wajibu wa kumwangalia yule atakayekitumia mwisho. Mahakama za Kenya huifuata kanuni hiyo. Kwa hiyo abiria, au mpita njia, aweza kumdai mtengenezaji wa gari, au fundi aliyelitengeneza vibaya, mradi aonyeshe kasoro na uzembe.

Madai yana muda wake. Kwa madai ya mapatano, kama ya kununua na kuuza, sheria huruhusu miaka sita. Kwa madai ya uzembe ulioleta maumivu au hasara ni miaka mitatu. Anayengoja mavuno manne ndipo aende kwa wakili huenda akakuta mlango umefungwa.

Wengi huogopa gharama. Lakini tangu Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, mtu aweza kupeleka dai lisilozidi shilingi 1,000,000 katika mahakama hiyo, akajisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri likatwe katika siku 60. Dai la pikapu yenye kasoro, au la mkokoteni uliovunjwa, laweza kusikilizwa huko.

WEWE UKIDAIWA

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana yeye hakuwa mdai bali mdaiwa. Je, kusema "Ni gari lililokosa" kwamwondolea deni?

Hapana, si peke yake. Mwaka 1968 ilichapishwa hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la kampuni ya mabasi iliyoitwa Embu Public Road Services. Kanuni yake ni hii: namna ajali ilivyotokea ikionyesha uzembe, basi ni juu ya mwenye gari kutoa sababu nyingine isiyotokana na uzembe wake. Uingereza nako, mwaka 1969, wenye lori moja lililokatika breki mlimani na kuua mtu walisema kwamba bomba la breki lilikuwa limeoza mahali pasipoonekana. Mahakama ya juu haikutosheka. Iliwataka waeleze lori lilivyotumika na lilivyotunzwa, nao hawakueleza, wakashindwa.

Kwa hiyo mwenye gari aonyeshe mambo mawili: kwamba kasoro ilikuwapo, na kwamba alilitunza gari kama mtu mwangalifu. La kwanza huonyeshwa na chombo chenyewe kilichoharibika. La pili huonyeshwa na risiti za gereji. Mzee hakuwa na hata moja.

GARI LIKIKATAA KUPUNGUA MWENDO

Uhai ni wa kwanza, mahakama baadaye. Dereva ayakariri haya mpaka mguu na mkono wayajue:

1. Kanyaga breki kwa nguvu zote, mara moja, wala usiachie. Usikanyage na kuachia mara kwa mara, kwa sababu injini ikiwa wazi hivyo, breki hupoteza msaada wake na kuwa ngumu kama jiwe.

2. Weka gia fri. Injini itapiga kelele sana, iache ipige. Kununua injini ni nafuu kuliko kununua sanda.

3. Elekea pembeni, simama, ndipo uzime. Gari likiwa bado linakwenda usirudishe ufunguo hadi mwisho, maana usukani waweza kufunga. Gari la kitufe, bonyeza usiachie kwa sekunde kadhaa.

BAADA YA AJALI

1. Wahudumie walioumia, kisha piga ripoti polisi na upate abstrakti. Mwambie polisi waziwazi kwamba pedali ilikwama, na uombe gari likaguliwe na mkaguzi wa Serikali.

2. Usilitengeneze gari kabla halijakaguliwa. Piga picha za pedali, kapeti, kebo, alama za matairi barabarani, na mahali pote palipobomoka.

3. Kila kilichotolewa na fundi kiweke katika mfuko, andika tarehe, na fundi aandike jina lake na alichokiona.

4. Andika majina na simu za walioshuhudia siku hiyo hiyo. Aliyeona leo, kesho atakuwa amehamia Malindi.

5. Iarifu bima mara moja kwa maandishi, na mwuzaji vile vile. Weka nakala.

6. Hifadhi risiti za hospitali, za gereji, na hesabu ya mazao yaliyooza. Mahakama haiwezi kukulipa maembe usiyoyahesabu.

KABLA YA KUNUNUA

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa yamekwisha kutumika Japani. Sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, nalo hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Lakini kampuni ikitangaza kwamba magari fulani yarudishwe yatengenezwe, barua huenda kwa mwenye gari anayejulikana nayo. Gari likiisha kuvuka bahari, barua hiyo huenda isikufikie kamwe. Kwa hiyo andika namba ya chasisi, umwulize wakala wa kampuni iliyolitengeneza kama gari hilo liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni swali la dakika chache.

Dai hati ya mauzo yenye jina la mwuzaji, tarehe, bei, na kazi unayolitakia gari. Kapeti iwe ya gari hilo, na ifungwe isisogee. Ndara zivuliwe kabla ya kushika usukani. Madafu na chupa vikae nyuma. Na kila gari liendapo gereji, fundi aivute pedali ya mafuta na kuiachia: ikichelewa kurudi, msiondoke hapo.

Mzee wetu alikubaliana na kijana wa mkokoteni na mama wa kibanda kuwalipa kidogo kidogo mpaka mavuno mawili yapite. Mwuzaji wa pikapu alimwambia hamjui. Juzi alikuja tena ofisini, safari hii kwa ajili ya miche ya michungwa. Alikuwa na kopo la bati mkononi. Alilifungua akanionyesha: risiti ya breki, risiti ya springi mpya, barua ya bima, na kebo moja kuukuu aliyoibadilisha kabla haijakatika, imefungwa kwa uzi na kuandikwa tarehe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima anayeandika siku aliyopanda na siku aliyovuna asishindwe kuandika siku alipobadilisha kebo.